Dar es Salaam Haijibebi Yenyewe

Imezoeleka kusemwa kwamba Kibaha na Kisarawe zinaishi kwa mgongo wa Dar es Salaam: jiji linazalisha, majirani wanasubiri makombo. Imani hiyo ni potofu, na inaharibu kila hesabu ya ufanisi wa jiji hilo.

Ufanisi ni kilichopatikana kikipimwa kwa kilichotumika. Mabasi ya mwendokasi, maghorofa na mapato huhesabiwa kwa makini. Gharama, hata hivyo, hukomea kwenye mpaka wa mkoa.

Maji ndiyo ushahidi wa kwanza. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi, wilayani Kibaha, na mto Ruvu ndio tegemeo kuu la jiji. Mwaka 2022 ukame ulipopunguza maji ya mto huo, wakazi wa Dar es Salaam waliingia kwenye mgawo. Kisarawe, jirani kabisa na jiji, iliteseka kwa uhaba wa maji miaka mingi hadi mradi wa kuleta maji kutoka Kibamba ulipozinduliwa Juni 2020.

Nani anambeba nani?

Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, nayo imevamiwa kwa miaka kwa ajili ya mkaa unaopika wali wa mjini. Mti uliokatwa Kisarawe hauonekani kwenye kitabu chochote cha matumizi ya jiji.

Kisha kuna ardhi. Kati ya sensa za 2012 na 2022, wakazi wa Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728. Mkoa wa Pwani, zilimo Kibaha na Kisarawe, ulipanda kutoka 1,098,668 hadi 2,024,947, karibu mara mbili. Lengo la 11 la Maendeleo Endelevu lina kigezo kinacholinganisha kasi ya miji kumeza ardhi na kasi ya watu kuongezeka. Kikipimwa ndani ya mkoa wa Dar es Salaam peke yake, mashamba ya Kibaha yanayogeuzwa viwanja hayaonekani.

Ni kweli jiji linawapa majirani soko, ajira na hospitali za rufaa. Faida hizo ziandikwe, lakini katika daftari moja na maji, mkaa na ardhi. Wapimaji waichukue Dar es Salaam pamoja na Kibaha na Kisarawe kama eneo moja, na sehemu ya ankara za maji za jiji itengwe kwa ajili ya kulinda vyanzo vya Ruvu na kuotesha upya misitu ya Pugu.