Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mgonjwa wa Kiwira Achague Kuanzia Mwisho

Kiwira, katika Wilaya ya Rungwe, si mahali pa njaa. Barabara itokayo Uyole kwenda Tukuyu na Kyela hupita hapo, na kando yake ndizi, viazi mviringo na maparachichi hupakiwa katika magari yanayoelekea mijini. Katika nchi yenye neema kiasi hicho, mwili mnene kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa dalili ya kutunzwa vyema, na anayekonda ghafla huulizwa kwa minong’ono ameugua nini. Leo mwili uleule uliosifiwa humfikisha mtu kliniki akiwa na kisukari, shinikizo la damu na magoti yasiyokubali tena kupanda kilima. Jambo hili si la Rungwe peke yake: Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Zamani Mtanzania aliyetaka kupunguziwa uzito hospitalini alilazimika kufikiria safari ya nje ya nchi. Katika miaka ya hivi karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imeanza kuweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito. Hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, kutoka Kiwira hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 za barabara, na umbali huo haumalizwi kwa safari moja. Upasuaji wenyewe huchukua saa chache. Matunzo yake huchukua umri wote uliobaki. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wa Kiwira anayechagua huduma asianze na jina la hospitali wala bei. Aanzie mwisho: katika mwaka wa pili, wa tano na wa kumi, ni nani atakayempima damu, ni nani atakayemwandikia vitamini, na ni nani atakayepokea simu yake akitapika usiku?

Kabla ya kuchagua, sharti ijulikane nani anastahili. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1991 uliweka kipimo kilichotumika kwa miongo mitatu: uwiano wa uzito na urefu wa 40 au zaidi, ama 35 kwa mwenye ugonjwa mkubwa unaotokana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilikishusha kipimo hicho hadi 35 kwa yeyote, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 105 ana uwiano wa 41, basi yumo. Baada ya upasuaji wa kukata sehemu ya mfuko wa chakula, wengi hupungua takribani robo ya uzito wao. Anaweza kutarajia kufikia kilo 79 hivi katika mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kwa vipimo vya vitabu bado atahesabiwa kuwa mnene. Lakini huenda sukari ikashuka, dawa za shinikizo zikapungua, na magoti yakapumua. Huduma inayomwahidi kiuno cha msichana inauza picha, haitibu ugonjwa.

Njia zenyewe hazilingani, na kila moja ina madai yake juu ya safari za mgonjwa. Puto huingizwa kwa njia ya mdomo bila kukata, hujazwa likiwa tumboni, na aina nyingi hutakiwa kutolewa baada ya miezi sita. Likiachwa kupita muda wake laweza kuvuja, likateremka na kuziba utumbo. Kwa hiyo anayewekewa puto ambalo sharti litolewe na daktari amekwisha kununua tikiti mbili, ya kwenda kuwekewa na ya kwenda kutolewa, hata kama mkononi ana moja tu. Na uzito aghalabu hurudi tabia za kula zisipobadilika. Upasuaji wa kukata mfuko huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, na kilichoondolewa hakirudishwi. Upasuaji wa njia ya mkato huacha kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi. Humsaidia sana mwenye kisukari au kiungulia kikali, lakini ndio unaodai vitamini na vipimo kwa ukali zaidi.

Historia ya tiba hii imeshatoa onyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Marekani walikata mchepuo mrefu wa utumbo ili chakula kisifyonzwe. Wagonjwa walikonda kweli, lakini baadaye wengi walipata maradhi ya ini, mawe ya figo na upungufu mkubwa wa lishe, na upasuaji huo ukaachwa. Madhara hayo hayakujitokeza yote siku ya kuruhusiwa kutoka wodini. Mengine yalikuja miaka kadhaa baadaye. Aliyekuwa karibu na daktari aliweza kuwahiwa na kufanyiwa marekebisho. Aliye mbali hakuwa na nafasi hiyo.

Sasa na ufuatwe mwendo wa kupona kama utakavyokuwa Kiwira. Upasuaji wa matundu madogo humweka mgonjwa wodini kwa siku moja hadi tatu ikiwa hakuna tatizo. Mtego umo humo: kidonda ni kidogo, maumivu yanavumilika, na ndugu wanataka kurudi nyumbani. Lakini uvujaji kwenye mshono wa mfuko, ambao ni nadra lakini huweza kuua, mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo; na damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni ni hatari nyingine ya siku hizohizo. Kumkalisha mgonjwa wa siku ya nne kwenye kiti cha basi kutoka asubuhi hadi usiku ni kukaribisha hatari zote mbili. Anayetoka Kiwira apange kukaa Dar es Salaam walau wiki mbili, kwa ndugu au katika chumba cha kupanga, na gharama hiyo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo. Homa, mapigo ya moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au ya bega yanayozidi, kukosa pumzi na mguu mmoja kuvimba si mambo ya kusubiri kesho.

Wiki mbili za mwanzo ni za vimiminika tu, kwa mafunda madogo mchana kutwa: maji, supu iliyochujwa, maziwa yaliyoondolewa mafuta. Hufuata wiki mbili za vyakula vilivyosagwa, kisha vyakula laini, na chakula cha kawaida hurejea polepole baina ya wiki ya sita na ya nane. Mwili huhitaji angalau gramu 60 za protini kila siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8. Hapo mwenyeji wa Rungwe ana bahati, kwa kuwa maziwa hayako mbali na mlango wake. Penye ugumu ni kwenye ndizi. Mfuko uliobaki hujazwa na vijiko vichache, na ndizi zikitangulia, protini haipati pa kukaa. Utaratibu unageuka: yai, samaki, maziwa au maharage yaliyopondwa kwanza, ndizi mwisho, kama bado kuna nafasi. Mtaalamu wa lishe anayemkabidhi mgonjwa wa Kiwira orodha ya vyakula vya duka kubwa la mjini hajazungumza naye bado.

Kazi nayo hungoja. Kwa wiki nne hadi sita mgonjwa hatakiwi kubeba kitu kizito. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na mkungu wa ndizi waweza kuzidi hapo. Mama anayeuza ndizi na kulima hawezi kutii agizo hilo kwa nia njema peke yake. Lazima awepo wa kumbebea. Kwa hiyo mume, dada au mtoto mkubwa aketi kikao cha kwanza na daktari, asikie mwenyewe, na akubali.

Kisha huja miezi ambayo vipeperushi havielezi. Baina ya mwezi wa tatu na wa sita nywele za wengi hupukutika, ingawa aghalabu huota tena. Ngozi hulegea. Watu huanza kuuliza, na mkoani Mbeya, ambako karibu kila ukoo umewahi kuzika kwa sababu ya UKIMWI, kukonda kwa kilo 25 hakupiti kimya. Msibani, sahani iliyokataliwa huhesabiwa kuwa dharau. Mambo haya huonekana madogo kwa anayetazama picha za kompyuta, lakini ndiyo yanayomfanya mtu aache kliniki, ale kwa kuwaridhisha wengine, au ajifungie ndani. Huduma isiyo na mshauri wa kuzungumza na mgonjwa kabla na baada ya upasuaji ina pengo ambalo wembamba wa kisu hauwezi kuliziba.

Yapo pia mambo matatu ambayo zahanati ya karibu isipoyajua inaweza kudhuru kwa nia njema. La kwanza ni kisukari: sukari huweza kushuka ndani ya siku chache, na anayeendelea na vidonge au insulini ya zamani kwa kipimo kilekile anaweza kuzimia. La pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa kama peremende katika maduka ya dawa. Baada ya upasuaji huu, hasa wa njia ya mkato, huweza kuleta vidonda na kutokwa damu. La tatu ni uzazi: uzito ukipungua mimba huingia kwa urahisi zaidi, ilhali hutakiwa kuepukwa kwa miezi 12 hadi 18, na vidonge vya uzazi wa mpango si tegemeo imara baada ya njia ya mkato. Juu ya hayo kuna vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, ambavyo si vya mwezi mmoja bali vya maisha. Anayetapika kwa wiki mfululizo anahitaji vitamini B1 upesi, kabla mishipa ya fahamu haijaharibika.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini, basi, ni haya. Daktari huyu na timu yake wamefanya upasuaji huu mara ngapi, na ni wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Je, kuna chumba cha uangalizi mahututi na daktari wa usiku? Tumbo litachunguzwa kwa kamera na kutibiwa vidonda kwanza? Mtaalamu wa lishe na mshauri wamo, au majina yao yapo kwenye bango tu? Bima inalipa nini, kwa maandishi, ikiwemo vipimo vya mwaka wa pili? Na swali linalopita yote: ni barua gani itakayorudi na mgonjwa Kiwira, imeandikwa kwa nani?

Watakuwapo wa kusema kwamba kudai haya ni kumfungia mlango mtu wa kijijini, kwa kuwa aishiye Dar es Salaam hahitaji barua. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelekea upande usio wake. Mzigo wa umbali haumpasi mgonjwa peke yake. Hospitali inayopokea mgonjwa kutoka Rungwe inawajibika kuwa na makubaliano na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na kuituma taarifa yake Hospitali ya Wilaya ya Tukuyu, Makandana, au ile ya Igogwe, kabla mgonjwa hajapanda basi. Kupima damu, shinikizo, sukari na uzito hakuhitaji kilomita 800. Kunahitaji mtu aliyeandikiwa nini cha kupima, mara ngapi, na ampigie nani namba zikienda vibaya. Pasipo makubaliano hayo, jibu la uaminifu kwa mgonjwa ni kumwambia asubiri, aendelee na lishe, mazoezi na dawa, mpaka mnyororo uungwe. Kisu kinaweza kungoja.

Huduma bora kwa mtu wa Kiwira, kwa hiyo, hupimwa mahali ambapo hakuna chumba cha upasuaji: mbele ya muuguzi wa zahanati, asubuhi ya mvua, miaka mitatu baadaye, mama akiwa mwepesi kwa kilo 25 lakini amechoka na midomo imepauka. Muuguzi akifungua daftari akakuta maandishi yanayomwambia apime wingi wa damu na vitamini B12, upasuaji ule ulifanywa vyema. Akikuta ukurasa mtupu, atampa vidonge vya malaria na kumrudisha nyumbani.