Drafti, bao na ludo kwenye simu: tumpe mtoto mchezo upi likizo hii?

Mama mmoja wa Makanyagio, hapa Manispaa ya Mpanda, alinitumia ujumbe wiki iliyopita: “Mwanangu, huyu mdogo wako wa darasa la sita ananichosha. Tangu shule zifungwe, simu yangu siioni. Usiku nakuta yuko nayo chini ya shuka. Anasema ni drafti tu, si magemu mabaya. Nimkatalie au nimwache?”

Shikamoo mama. Jibu fupi ni hili: drafti usimkatalie, lakini chini ya shuka mkatalie leo hii. Jibu refu nalitoa hapa kwa sababu najua nyumba nyingi zina swali hilohilo.

Kwanza, mtoto ana hoja. Magemu mengi ya simu yametengenezwa yasiwe na mwisho. Ukimaliza hatua moja inafunguka nyingine, na ukiacha siku mbili simu inakuita urudi. Drafti ina mwisho: kuna mshindi, kuna aliyeshindwa, au mmetoka sare. Kwa mzazi hiyo ni nafasi. Ukimwambia mtoto “michezo mitatu, kisha simu irudi”, mtaelewana kuliko ukimpa nusu saa halafu ukamnyang’anya simu akiwa karibu kushinda.

Pili, hofu ya mama nayo ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uraibu wa magemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata anapoona madhara, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto aliyecheza sana wiki mbili za likizo hajafika huko. Lakini usingizi unaoibiwa kila usiku ni madhara tayari, usisubiri mwaka uishe.

Sasa tuangalie michezo yenyewe.

Drafti. Ni mchezo wa vijiweni: kipande cha boksi, miraba 64, vizibo 12 vya soda kwa kila mmoja, wa kwanza anavigeuza juu, wa pili chini. Kwenye simu tafuta programu inayokuruhusu kuchagua sheria. Nyingi huja na sheria za Kimarekani, ambapo kingi hutembea hatua moja moja. Mtoto aliyezoea kingi wa kijiweni anayeruka mbali atadhani simu inamwibia. Ingia kwenye mipangilio, badilisha sheria, kisha mweke acheze na kaka yake kwa kupokezana simu badala ya kucheza na mashine peke yake.

Bao. Hapa wazazi wengi hukosea wanapotafuta. Ukiandika “Mancala” unaletewa ubao wa safu mbili zenye mashimo sita sita. Si mbaya kwa mtoto wa miaka saba, lakini si bao letu. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32 na kete 64. Lina kunamua, lina mtaji, lina nyumba. Hesabu hiyo ni nzito, ndiyo maana Mwalimu Nyerere na wazee wengi waliupenda. Tatizo la simu ni kwamba inasambaza kete yenyewe, mtoto anabonyeza tu. Mwambie kabla ya kubonyeza aonyeshe kwa kidole kete ya mwisho itaangukia shimo lipi. Hapo ndipo hesabu inaporudi kichwani mwake.

Ludo. Huu ndio mchezo wa familia nzima, maana hata mdogo anaweza kumfunga baba kwa bahati ya dadu. Unaojulikana sana ni Ludo King, uliotoka India mwaka 2016. Unachezwa na watu kadhaa kwenye simu moja, hata bila bando. Chagua njia hiyo. Ukimwacha acheze mtandaoni atakutana na watu asiowajua, na wewe hutajua wanaongea nini.

Sataranji. Kwa mtoto wa miaka minane na kuendelea anayependa kufikiri, pakua Lichess. Ni bure na haina matangazo kabisa, na anaweza kucheza na simu yenyewe mkiwa hamna mtandao. Kwenye treni ya Mpanda kwenda Tabora, safari ambayo watoto huuliza “tumefika?” kila kituo, itakusaidia sana. Asiseme sataranji ni ya wazungu: Phiona Mutesi wa Uganda aliujifunza mchezo huu katika mtaa duni wa Katwe, Kampala, akaiwakilisha nchi yake kimataifa.

Kabla hujampa simu, kuna mambo ya kuzingatia.

Mtoto aliye chini ya miaka 2 asipewe skrini. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Huo ni mwongozo wa WHO wa mwaka 2019.

Wa shule ya msingi anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Simu ilale chumbani kwa mzazi, na mchezo uishe angalau saa moja kabla ya kulala. Akiamka akisinzia, usitafute ugonjwa mwingine kabla ya kukagua usiku wake.

Macho nayo yapumzike. Kila baada ya dakika 20 aangalie kitu cha mbali kidogo, kama mwembe wa jirani. Na mchana acheze nje. Watoto wanaokaa nje zaidi hupungukiwa na hatari ya kutoona mbali, na mwili unahitaji angalau dakika 60 za kukimbia na kuruka kila siku. Akiumwa kichwa mara kwa mara au akifinya macho kusoma ubaoni, apimwe.

La mwisho ni pesa, na hili linaumiza familia kimyakimya. Programu za bure hujilipa kwa matangazo, na baadhi ya matangazo hayo ni ya kubeti. Kisheria michezo ya kubahatisha ni kwa waliotimiza miaka 18. Zima data kabla ya kumpa simu, matangazo mengi yatakoma. Namba yako ya siri ya pesa asiijue, hata kama ndiye anayekusaidia kutuma. Na akikwambia ludo fulani “inalipa”, ifute mbele yake na mweleze kwa nini.

Ukifanya yote hayo bado linabaki moja ambalo programu haiwezi: kukaa naye. Mtoto aliyefungwa na simu anaanza upya bila neno. Aliyefungwa na mama yake anajifunza kuvumilia kushindwa, na mama anajifunza mtoto wake hukasirika vipi. Kwa hiyo mwache ajifunze sheria kwenye simu wiki hii. Jumamosi mkate boksi, mkusanye vizibo 24 pale dukani, mkae barazani. Ila ujiandae, mama: amekuwa akifanya mazoezi usiku kucha.

Una swali kuhusu afya ya mtoto? Litume kama alivyofanya mama huyu, tutalijibu hapa hapa. Wiki ijayo: minyoo, na kwa nini dawa ya shuleni peke yake haitoshi.