Mgeni Kashika Jembe, Mwenyeji Yuko Barazani

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nao waliposema hayo walikuwa na yakini ya mambo mawili: kwamba mwenye mji analo jembe la kumpa huyo mgeni, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kutangulia shambani. Leo katika pwani yetu mambo yamepinduka. Mgeni hangoji siku ya tatu, nauli kajilipia mwenyewe, chakula kajilipia, malazi kajilipia, na huko Tanzania humlazimu juu ya hayo achukue kibali cha ukaazi na kukilipia ndipo aruhusiwe kuingia topeni kutupandia mikoko minghairi ya ujira, na sisi wenyeji tuko barazani, vikombe vya kahawa mkononi, twaulizana, "Hawa wazungu wanatafuta nini huko mikokoni?"

Swali hilo limenikera kwa muda mrefu, na kinachonikera zaidi ni kicheko kinacholifuata. Maana hapana asiyejua ya kwamba mikoko ndiyo mazalio ya samaki na kamba, na kwamba ndiyo inayoikinga nchi isiliwe na bahari; hayo hata mtoto wa chuoni atakwambia, wala sikukusudia kuyathibitisha hapa. Nauliza tu: ikiwa tunayajua hivyo, mbona tunamcheka anayeyatenda?

Tazameni Gazi, kusini ya Mombasa, mji ule ule uliokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyeinuka kupigana na Waingereza mwaka 1895. Msitu wa ghuba yake ulikatwa kwa pupa katika miaka ya 1970, ukawa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, hata mahali pengine pakabaki tope tupu na visiki, na mawimbi yakaanza kuutafuna ufuo wa Makongeni. Mwaka 1991 wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, akiwamo Dkt. James Kairo, wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Baadaye wakaja na wajitoleaji wa ng'ambo walioletwa na shirika la Earthwatch, watu walioacha likizo zao na kujilipia gharama ili wapime vigogo, wachimbue mizizi na kupanda miche, jua li utosini na tope li magotini.

Na kazi yenyewe, kwa asiyeijua, si ya kuchezea. Sharti uchunge bamvua na maji mafu, ushuke yakipwa na upande kabla hayajarudi. Sharti ujue kila mti na mahali pake: mlilana hukaa mbele kukabili bahari, mkoko hufuata nyuma yake, mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu huvumilia chumvi nyingi hata karibu na nchi kavu. Ile mbegu ndefu ya mkoko, ambayo huchipua ingali juu mtini, huokotwa ikaangaliwa isiwe imetobolewa na wadudu, kisha huchomekwa topeni ncha yake chini, na hapo ndipo kaa wanapoanza kuitamani. Ukikosea mahali, ukapanda mkoko palipotaka mlilana, wimbi la kwanza kali litakurudishia mbegu zako ufuoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha mikokoni huinama akatoka na tope hata masikioni.

Watu wa Gazi na Makongeni, Mungu awazidishie, hawakukaa wakatazama. Mwaka 2013 walianzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani ambao wanakijiji wenyewe wanauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na mikoko yao, hekta 117 chini ya kamati waliyoichagua, na fedha zake zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya skuli. Mwaka 2017 mradi huo ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Basi wale wageni walikuta watu kazini, wakashika nao upande wa pili, na hivyo ndivyo ugeni ulivyokusudiwa: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini shukeni pwani, nendeni katika vijiji vingine ambavyo kwa staha sivitaji, mkawaalike vijana wetu kwenda kupanda mikoko siku ya Jumamosi. Swali la kwanza mtakaloulizwa ni hili: "Kuna posho?" Na la pili: "Na fulana je?" Kijana akiambiwa posho hakuna, ghafula mguu wamuuma, au ana shughuli ya mjomba wake, au yuko njiani kwenda mjini. Akiambiwa posho iko, atakuja, ataandika jina lake katika karatasi kwa hati nzuri kabisa, atapanda miche mitatu kamera ikimtazama, kisha atakwenda kuketi kivulini kungoja pilau. Hii posho, ndugu zangu, imetuingia mwilini kama homa ya vipindi, kila mwezi hurudi na kila irudipo hutuacha dhaifu kuliko kwanza. Na wenye miradi nao wana dhambi yao, kwa kuwa ndio waliotuzoeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtu akilipwa kwa kuketi hataki tena kusimama.

Wala hatukuwa hivi. Watu wa pwani hii, na hili nalisema kwa fahari, ni watu ambao jahazi likitakiwa kushuliwa hupigwa ukelele mmoja tu wakaja mji mzima, wakashika kamba wakavuta kwa wimbo, na likishaelea kila mtu akarudi kwake na mikono mitupu na moyo mkunjufu. Nyumba ya mjane ikivuja, wanawake walishona makuti na wanaume wakaezeka. Kisima kilichimbwa, msikiti ulipakwa chokaa, barabara ya kijiji ilifyekwa kwa msaragambo, na hapakuwa na karatasi ya mahudhurio. Hata leo, mtu akifa, kaburi lake huchimbwa na vijana wale wale ninaowalaumu, tena mbiombio, tena vizuri, wala sijasikia mmoja akiuliza posho makaburini. Basi fadhila haijafa. Imesinzia tu, na mwenye kusinzia huamshwa.

Na ni watu gani waijuao mikoko kutushinda sisi? Boriti za Lamu zilivuka kwa majahazi zikajenga nyumba za Arabuni na Ghuba, hata serikali ya Kenya ilipokataza kuzipeleka nje mwaka 1982. Mkataji wa Lamu hutazama shina mara moja tu akakwambia huu ni wa fito, ule ni wa pau, huu ni wa boriti na ule ni wa nguzo. Ilimu hiyo haisomwi katika vyuo vya Ulaya. Kijana wa kigeni huja hana habari ya mwezi wala ya maji, na wako niliowaona wakiichomeka mbegu kichwa chini miguu juu. Lakini wa kuwasahihisha alikuwa amekaa ukutani akicheka. Sisemi, basi, ya kwamba wageni wote ni malaika. Wako wanaokuja kupiga picha na watoto wa watu bila idhini ya wazazi, wako waliolipa fedha nyingi kwa mawakala wa safari huko kwao na kijiji kisione hata senti ya chumvi, na wako wanaodhani ya kwamba wiki mbili za tope zimewafanya mafundi wa bahari. Hao waambiwe, tena waambiwe kwa adabu. Lakini kosa la mgeni halimpi mwenyeji udhuru.

Na sisi tulio Waislamu tuna udhuru gani? Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha ya kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, maadamu anaweza kuupanda basi aupande; na ya kwamba mti wa Muislamu, kila atakachokula humo ndege, au mtu, au mnyama, huandikiwa yeye sadaka. Hebu fikirini mkoko mmoja walisha wangapi, samaki, kamba, kaa, na baada yao wavuvi na watoto wao! Tunaukimbia uchumi wa akhera ulio nyuma ya nyumba zetu, kisha Ramadhani tunahimizana kutafuta thawabu mbali.

Wako watakaonijibu: huyo ana mali na sisi tuna njaa, mkono mtupu haulambwi. Taibu. Mvuvi aliyekesha baharini simsemeshi, wala mama achomaye mikate ya kuuza kabla ya alfajiri. Hao wanajitolea siku zote bila kuitwa wajitoleaji. Namsemesha yule anayekaa kibarazani tangu alasiri hata isha, ambaye njaa yake haimzuii kulumbana juu ya mpira wa Uingereza. Na namsemesha pia kijana msomi anayeandika maombi apelekwe nchi za mbali kujitolea katika kuhifadhi misitu ya watu. Aende, kwani mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ila wenyeji wake wa huko watamuuliza kwao amepanda nini, na sharti awe na la kuwajibu.

Na kwa kuwa nimetaja mikoko, siwezi kunyamaza juu ya arusi zetu na takataka zake, hata mhariri akinilaumu kwamba nimetoka njiani. Zamani tulikula katika sinia, watu wanne au watano, sinia ikaoshwa na ikaazimwa kwa arusi ya jirani. Siku hizi kila mtu na sahani yake ya kutupwa, na kijiko chake cha kutupwa, na chupa yake ya maji aliyoinywa nusu, na asubuhi yake takataka zote hizo zaelekea mtoni na mto waelekea baharini. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, tukadhani tumepona; kumbe chupa zimechukua nafasi yake, zanasa katika mizizi ya mikoko na kuilalia miche michanga. Hivyo mgeni hupanda, na arusi yetu huja ikafukia! Wallahi, bibi arusi hapungukiwi na kitu wageni wake wakila katika sinia.

Nawaomba makhatibu walitaje jambo hili siku ya Ijumaa, na walimu wawashushe wanafunzi mikokoni maji yakipwa, pamoja na mzee mmoja anayeijua miti kwa majina yake. Wenye miradi nao waifute ile karatasi ya posho, wanunue badala yake majembe na viatu vya tope. Na wewe kijana usiyejua pa kuanzia, iendee kamati ya pwani ya kijijini kwako, uulize bamvua lijalo ni lini, na siku hiyo uvae nguo usizozionea huruma.