Namba Iliyomkanusha Bingwa

Wapo watu wasemao kwamba mwanafunzi mwenye adabu huipokea kanuni ya hesabu kama mgeni apokeavyo chakula: hula, wala haulizi kimepikwaje. Mimi nayakataa maneno hayo, na shahidi wangu, ewe msomaji, si mtu bali ni namba: 4,294,967,297.

Namba hii hupatikana kwa kuziandika mbili 32, kuzizidisha zote pamoja, kisha kuongeza moja. Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria kwa kazi na mwanahesabu kwa mapenzi, aliuchungua ukoo wake katika mwaka wa 1640. Mbili ikiwa moja, ukiongeza moja, wapata 3, zikiwa mbili, wapata 5, zikiwa nne, 17, nane, 257, kumi na sita, 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa zenyewe. Fermat akaamini kuwa ukoo mzima ni tasa. Alikiri kuwa hana uthibitisho, lakini imani yake haikupungua.

Mwaka wa 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, alionyesha kuwa namba ya sita, shahidi wangu, hugawanyika kwa 641. Usiniamini mimi, wala usimwamini Euler. Twaa kalamu uzidishe 6,700,417 kwa 641. Mara mia sita ni 4,020,250,200. Mara arobaini ni 268,016,680. Mara moja ni yenyewe. Jumlisha, uone. Kazi hii haimshindi mtoto ajuaye kuzidisha, na hata hivyo neno la bingwa lilisimama miaka 92!

Kweli, kuhakiki ni rahisi kuliko kutafuta. Lakini hata kutafuta hakukuwa kama kupekua bahari. Baadaye Euler alithibitisha kuwa namba tasa yoyote iwezayo kuigawanya hii ni lazima ipite kwa moja namba igawanyikayo kwa 64. Zianze: 193, 257, 449, 577, 641. Majaribio matano tu.

Utaniuliza, je, kila mtoto abishane na mwalimu wake? La, kubisha bila hesabu ni kelele. Lakini kuuliza, "Twajuaje?" si utovu wa adabu. Chuoni nilikosomea ualimu, mifano mitano ubaoni ilitosha kuwa uthibitisho, nasi tukainakili. Nami, naona haya kusema, nikafundisha vivyo hivyo miaka kadhaa. Fermat naye alikuwa na mifano mitano.

Tangu wakati huo wataalamu wamezidi kuupima ukoo ule. Kila namba iliyokwisha kutambuliwa hali yake baada ya zile tano imeonekana kuwa yagawanyika. Wala hakuna aliyethibitisha kuwa tasa ya sita haipo. Ukiniuliza darasani kama ipo, nitakujibu kuwa haijulikani, kisha nitakupa chaki.