Kufuli ni la bure, mlango mnauacha wazi kwa nini?

Ndugu wasomaji, leo mniwie radhi, nina hasira kidogo.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Kibondo kikazi. Mkimbizi mmoja wa kambi ya Nduta, ile iliyofunguliwa upya Oktoba 2015 kupokea Warundi, alikuwa na habari ya kunipa, lakini hakutaka kuonekana akiongea na mwandishi. Nikamwambia, kaka, ingia kwenye tovuti ya gazeti letu, kuna fomu ya kutuma habari, jaza pale. Baada ya muda akanipigia: "Mbona hapa juu inaandika si salama?"

Nilikosa jibu. Habari yenyewe sikuipata tena.

Niliporudi Dar nikauliza ofisini kwa nini tovuti yetu haina cheti cha usalama. Nikapewa majibu mawili. La kwanza, vyeti ni ghali. La pili, eti sisi hatuna siri yoyote.

Haya, tuanze na huo ughali. Septemba 14, 2015, wiki chache tu kabla ya Nduta kufunguliwa upya, mradi wa Let's Encrypt ulitoa cheti chake cha kwanza. Desemba mwaka huohuo ukafungua mlango kwa kila mtu. Unaendeshwa na shirika lisilo la faida la Marekani, Internet Security Research Group, kwa fedha za wafadhili. Bei yake? Sufuri! Hata namba ya kadi ya benki hawakuombi.

Kupata cheti si uchawi. Ukiwa na seva yako, unaweka programu kama Certbot, nayo ni ya bure. Let's Encrypt inakupa jaribio: weka faili fulani kwenye anwani yako, tuone kama kweli wewe ndiye mwenye tovuti. Ukifaulu, unapewa cheti. Vyeti hivi ni vya muda mfupi (kwa miaka mingi vimekuwa vya siku 90), kwa hiyo unaiachia programu ivihuishe yenyewe. Kama umepanga nafasi kwenye seva ya kampuni, mara nyingi kazi yote ni kubonyeza kitufe kimoja.

Sasa wapo mafundi wa tovuti wanaomuuzia mteja cheti hikihiki cha bure. Kulipwa kwa kazi ya kukifunga, sawa, fundi naye anakula. Lakini kumwambia mteja kuwa cha bure ni dhaifu ni uongo mchana kweupe. Nguvu ya kuficha maneno ni ileile. Vile vya ghali zaidi huongeza uhakiki wa jina la kampuni, na hata ile alama ya pekee vilivyokuwa nayo kwenye vivinjari, Chrome na Firefox waliiondoa mwaka 2019.

Turudi kwenye hilo la "hatuna siri". Wengi tumewahi kumpa kondakta wa basi barua apeleke Dar. Je, ungempa bila bahasha? Ipite Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, na kila anayeishika aisome, na akitaka aongeze mstari wake? Tovuti isiyo na cheti ndivyo inavyosafirisha maneno ya msomaji. Mwenye Wi-Fi anaona, na kampuni ya simu inaona.

Na anayeona anaweza pia kubadili. Tunisia, kati ya mwisho wa 2010 na Januari 2011, wakati wa maandamano dhidi ya Ben Ali, kurasa za kuingilia Facebook zilichomekwa msimbo njiani, ndani ya mitandao ya nchi hiyo, na nywila za watu zikaibwa. Facebook ilijibu kwa kuwahamishia watumiaji wa Tunisia kwenye njia yenye kufuli.

Basi siri si yako wewe mhariri. Ni ya anayekuandikia! Novemba 2020 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wakimbizi wa Burundi waliokamatwa, kuteswa na kutoweka hapa Tanzania. Mtu anayeishi na hofu ya namna hiyo, wewe unamwambia ajaze jina na namba ya simu kwenye karatasi isiyo na bahasha?

Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Tulimpongeza sana, tukaandika na tahariri. Lakini mhariri asiye na cheti hahitaji hata kukamatwa. Majina ya watoa habari wake yanapita barabarani uchi, bila mtu kuyaomba.

Nisieleweke vibaya. Kufuli halifichi kila kitu. Anayechungulia njiani bado anaweza kujua umeingia tovuti gani, ila haoni umesoma nini wala umeandika nini. Wala si hati ya uaminifu, maana hata tapeli anaweza kukipata. Na kwa habari za hatari, fomu peke yake haitoshi hata ikiwa na kufuli. Lakini kusema kwamba kwa kuwa mwizi anaweza kuvunja dirisha basi tulale mlango wazi, hiyo ni akili gani?

Kwa hiyo wakuu, kama una tovuti ya gazeti, redio, asasi au ofisi ya umma, ifungue leo hii utazame pale juu kwenye anwani. Ukiambiwa si salama, mpigie fundi wako kabla hujanywa chai. Akikuambia ni ghali, tafuta fundi mwingine.

Yule kaka wa Nduta aliliona tatizo kwa dakika moja, kwenye simu ndogo. Sisi wenye digrii tunasubiri nini?

Naomba kutoa hoja.