SAYANSI NYUMBANI: Elektroni Moja Bila Vurugu



Mwenye redio nyumbani amepata kusikia ule mkwaruzo utokeao mtu awashapo taa katikati ya taarifa ya habari. Swichi huubadilisha umeme ghafla. Badiliko la ghafla huzaa mawimbi ya kila namna, na baadhi yake huingia redioni. Shida kama hiyo iliwakabili wataalamu wanaouchunguza umeme chembe kwa chembe.

Umeme wa waya ni mwendo wa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, nazo zina tabia ya mawimbi pia. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake, huko Japani, walizirusha moja moja kupitia njia mbili. Kila moja iliacha nukta moja tu. Lakini nukta zilipofika maelfu, zilijipanga mistari mistari, kama mawimbi ya ziwa yakutanapo: hapa yanaongezana, pale yanafutana.

Kuituma elektroni moja ndani ya saketi ni kazi ngumu zaidi, kwani humo zimejaa kama maji mtungini. Ukichota kwa pupa, maji huruka na yaliyobaki huyumba. Ndivyo ulivyo msukumo wa ghafla wa volteji: pamoja na elektroni uitakayo, huchochea nyingine na kuacha mapengo.

Mwaka 1996 Leonid Levitov na wenzake walionyesha kwa hesabu kuwa upo msukumo usiovuruga: upande kwa ulaini hadi kileleni, ushuke vivyo hivyo kwa miteremko mirefu, na kipimo chake kitoshe elektroni moja kamili. Mwaka 2013 kundi la Christian Glattli, huko Saclay karibu na Paris, lilifaulu kuufanya, katika baridi inayokaribia sifuri kamili. Elektroni hiyo ikaitwa levitoni. Mbili zilipofikishwa njia panda kwa wakati mmoja, kila moja ilishika njia yake, na makelele ya mkondo yakatulia. Hapo ikathibitika kuwa zimefanana na ni safi.

Askari wa mawasiliano anajua thamani ya jambo hilo: ujumbe uliojaa makelele si ujumbe.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini msukumo huo hudumu chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde! Kumbe kosa si wepesi; kosa ni papara.