Usiitupe Mbegu Iliyolala

Masika yakikaribia, akina mama wengi wa mwambao huzitoa mbegu walizozihifadhi chupani wakazitia ardhini. Siku kumi hupita, na kitaluni hapana kitu. Hapo mbegu huhukumiwa kuwa zimekufa, zikatupwa jaani, na pesa za mboga zikatumika kununulia nyingine dukani. Sisi twaiona hukumu hiyo kuwa ni ya haraka. Mbegu isiyoota huenda ikawa imekufa kweli, na huenda ikawa hai lakini imelala.

Usingizi huo si kasoro. Aina nyingi za mpunga, zikivunwa leo na kupandwa kesho, haziamki mpaka zipitiwe na wiki kadhaa. Lau si hivyo, mvua ya wakati wa mavuno ingezichipuza punje zingali katika masuke. Ziko njugu nyasa zisizolala kabisa, nazo zikichelewa kung'olewa na ardhi ikalowa, huota ndani ya maganda yao na mwenye shamba akapata hasara. Basi mwenye mpunga mpya na asubiri.

Ama bamia na ukwaju, kizuizi ni gamba. Maji hayapenyi, na bila maji kiini hakiamki. Bamia hutosha kurowekwa usiku kucha. Ukwaju ni mkaidi zaidi: sugua ubavu mmoja wa kila mbegu kwa msasa, au juu ya jiwe, mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, ndipo uiroweke. Asubuhi zilizovimba zimekwisha kunywa maji. Zisizovimba zirudi jiweni. Wako wanaozichemsha mekoni wakidhani ndiyo njia ya mkato, na hizo haziamki tena.

Mpapai una hila yake. Kila mbegu imevikwa utando wa utelezi wenye vitu vinavyozuia kuota, ndiyo maana mbegu haichipui ndani ya tunda ijapokuwa humo mna unyevu tele. Zisugue katika chungio pamoja na mchanga kidogo mpaka utando utoke, uzioshe, uzianike kivulini. Nyanya nayo ina rojo la namna hiyo. Liache lichachuke bakulini kwa siku 2 au 3, kisha uoshe.

Hadhari na embe na fenesi. Mbegu zake hazijui kulala, na zikikauka hufa, kwa hiyo kuziweka kabatini pamoja na bamia ni kuziua. Kokwa la embe hupandwa likiwa bichi, na ukilipasua ganda la nje bila ya kukijeruhi kiini, huota upesi zaidi.

Aliye na shaka na azijaribu kabla ya kulima, maana mvua haimngoji mtu. Hesabu mbegu 20, zikunje katika kitambaa kilicholoweshwa, uziweke bakulini na kufunika, na kila siku unyunyize maji. Baada ya siku 7 hadi 10 fungua uhesabu. Zikiota 16, panda bila ya wasiwasi. Zikiota 8, zidisha idadi katika kila shimo. Zilizobaki zibonyeze kwa kidole. Inayotoka uji imekufa. Iliyo ngumu kama ilivyoingia, isugue kwa msasa uiroweke upya.